Unatafuta mtu wa kukaa dukani? Muulize maswali haya kwanza

Biashara imeshika. Duka lako la uwakala pale Junju lina wateja kutoka asubuhi, na wewe huwezi kuwa dukani na benki kwa wakati mmoja. Unahitaji msaidizi. Wengi wetu huuliza, "Wewe ni mwaminifu?" Nani atasema hapana? Swali kama hilo halikuonyeshi chochote. Tunakushauri umpe kisa, kisha unyamaze umsikilize.

1. "Tumefungua na floti 20,000 na keshi 15,000. Mteja ameweka 3,000, mwingine ametoa 5,000. Tuko na ngapi?"
Mteja akiweka, floti inashuka na keshi inapanda. Akitoa, ni kinyume. Jibu ni floti 22,000 na keshi 13,000. Jumla bado ni 35,000, kama mlivyofungua. Akikosea kidogo si neno, atafundishika. La muhimu ni kama anajua jumla haifai kubadilika.

2. "Mteja ana haraka. Anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametoa pesa. Utafanya nini?"
Jibu tunalotaka: "Naangalia simu ya duka." Ujumbe wa uongo huandikwa kwa dakika moja tu. Kama simu ya duka haijapokea kitu, keshi haitoki.

3. "Bibi mzee anakupa simu na kukutajia namba yake ya siri umbonyezee. Je?"
Hapa wengi huteleza kwa sababu ya huruma. Msaidizi mzuri atamwelekeza kwa upole, lakini bibi atabonyeza mwenyewe. Anayesema "namsaidia tu" atakuletea kesi siku pesa za bibi zikipotea.

4. "Mjomba wako anataka umtumie 2,000, atalipa jioni."
Kwetu kila mtu ni ndugu, na floti nyingi huisha kwa njia hii. Sikiliza atakataaje. Anayeweza kusema, "Mjomba, pesa hizi si zangu," bila matusi, huyo umempata.

5. "Niambie siku hesabu zako hazikulingana."
Asiyewahi kushika pesa za watu, muulize juu ya pesa za chama au za nyumbani. Anayesema hajawahi kukosea, muulize tena. Anayeeleza alivyogundua, alimwambia nani na alilipaje, ana jambo la kukufunza.

Usiulize kama ana mimba, ni wa kabila gani au ni wa dini gani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi. Na usimdai pesa ya "fomu".

Ukimpata, andikeni mkataba. Sheria hiyo inakuruhusu kukata mshahara kwa upungufu uliotokana na uzembe au wizi wake, mradi mkataba useme wazi kwamba kazi yake ni kupokea, kutunza na kulipa pesa. Bila maandishi, mtabaki kulaumiana tu.

Kisha kaa naye wiki ya kwanza. Kila jioni kabla ya kufunga, hesabuni pamoja floti na keshi, na nyote wawili mtie sahihi kwenye daftari. Maswali yatakuonyesha anavyofikiri. Daftari litakuonyesha anavyofanya.