Ulinzi, Bima na Miradi Iliyokimbiwa: Bei ya Ujambazi Afrika Kusini

Uhalifu unaigharimu Afrika Kusini angalau asilimia 10 ya pato la taifa kila mwaka. Ndivyo ilivyokadiria Benki ya Dunia mwishoni mwa 2023, na kwa uchumi wa takriban randi trilioni 7, kiasi hicho kinakaribia randi bilioni 700. Hesabu hiyo ina mafungu matatu: mali inayoporwa, fedha zinazotumika kujilinda, na shughuli ambazo zingefanyika lakini hofu ikazizuia. Magazeti hulipigia kelele fungu la kwanza, ingawa si hilo lililo zito. Gari lililoibwa bado linatembea; limebadilisha mwenyewe tu, kwa hiyo wachumi hawalihesabu lote kuwa hasara ya nchi.

Kinachopotea kabisa ni watu. Katika mwaka wa hesabu za polisi wa 2022/23 waliuawa zaidi ya watu 27,000, wengi wao wanaume wa umri wa kufanya kazi, wenye watoto na wazee wanaowategemea. Waliojeruhiwa ni wengi zaidi. Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, hupokea majeruhi wa risasi na visu wengi kiasi kwamba madaktari wa nchi nyingine huenda huko kujifunza upasuaji wa majeraha ya aina hiyo. Sifa hiyo ina bei yake. Majeruhi mmoja wa risasi aweza kuchukua chumba cha upasuaji kwa saa kadhaa, chupa nyingi za damu na kitanda cha wagonjwa mahututi, na aliyekuwa kwenye foleni ya kupasuliwa henia anaambiwa arudi siku nyingine.

Fungu la pili limezaa sekta nzima. Walinzi wa kampuni binafsi walio kazini na kusajiliwa ni zaidi ya 500,000, zaidi ya mara tatu ya polisi wote wa nchi. Nyumba ya mtu wa kipato cha kati Johannesburg ina ukuta, juu yake uzio wa umeme, nondo madirishani, vihisio bustanini na kibao getini chenye jina la kampuni ya ulinzi ambayo kengele ikilia hutuma watu wenye bunduki. Mwenye nyumba hulipia hayo kila mwezi, juu ya kodi anayolipa serikali ili polisi wamlinde. Asiye na uwezo hubaki na polisi peke yao. Mlinzi mwenyewe, anayekaa lindoni zamu ya saa 12 kwa mshahara mdogo, mara nyingi hurudi kulala katika mtaa usio na mlinzi hata mmoja.

Takwimu za taifa hapa huleta mkanganyiko. Mshahara wa mlinzi, bei ya kamera na ankara ya uzio vyote huingia kwenye pato la taifa kama uzalishaji, kwa hiyo ujambazi ukizidi, sekta ya ulinzi inakua na takwimu zinaonekana kunenepa. Ajira hizo si haba katika nchi ambayo wasio na kazi wamepita asilimia 30, lakini fedha hizo zingeweza kununua mashine au kusomesha fundi.

Bima nayo imefuata mkondo huohuo. Tangu 1979 hasara zitokanazo na ghasia zimebebwa na Sasria, shirika la bima la serikali lililoundwa baada ya machafuko ya Soweto ya 1976. Julai 2021, ghasia na uporaji wa KwaZulu-Natal na Gauteng viliua zaidi ya watu 350. Madai yaliyofika Sasria yalizidi randi bilioni 30, akiba yake ikaisha, Hazina ikalazimika kuiongezea mtaji, na viwango vya bima vikapanda. Hata mwenye duka ambaye hakuguswa akawa anachangia.

Fungu la tatu ni gumu kupima, kwani halina risiti. Mfano ulio wazi ni ujenzi. Kanuni za manunuzi za 2017 ziliruhusu serikali kutaka asilimia 30 ya kandarasi inayozidi randi milioni 30 ipewe kampuni ndogo. Magenge yakaifanya asilimia hiyo kuwa haki yao: hufika kwenye eneo la kazi na silaha, husimamisha mitambo na kudai fungu lao, kazi waifanye wasiifanye. Mwaka 2019 kampuni za Aveng na Strabag zilijiondoa kwenye ujenzi wa daraja la Mtentu, Rasi ya Mashariki, baada ya vurugu na vitisho, na kazi ikalala kwa miaka. Wakandarasi wanaobaki huongeza gharama za walinzi na za kuchelewa katika bei ya zabuni, na mlipaji wa mwisho ni mlipakodi.

Katika mitaa ya pembezoni mwa Cape Town, wenye maduka madogo, wakiwemo Wasomali, hutozwa kila mwezi kinachoitwa ada ya ulinzi na watu walewale wanaowatishia.

Usafirishaji ndio unaozigusa nchi jirani. Julai 2023 zaidi ya malori 20 yalichomwa moto katika siku chache, baadhi yake kwenye barabara ya N3 iendayo bandari ya Durban. Wamiliki wa malori walijibu kwa njia zinazojulikana: kutosafiri usiku, kuegesha palipo na ulinzi tu, kulipia wasindikizaji. Kila moja huongeza siku au randi kwenye safari. Shaba ya Zambia na Kongo inayopitia Durban inaweza pia kutokea Dar es Salaam, Beira au Walvis Bay, na wakala wa mizigo anapopanga bei huweka njia zote hizo kwenye hesabu moja.