Mgonjwa wa kompyuta naye ajue Kiswahili

Mgonjwa wa kompyuta ni kisa kilichotungwa na wataalamu wa afya kikatiwa kwenye programu. Chukua mja mzito wa miezi minane: kichwa chamuuma, macho yafanya kiwi. Mwanafunzi humuuliza maswali, huagiza apimwe presha na mkojo, kisha huamua. Presha ikiwa 160 kwa 110 na mkojo una protini, kifafa cha mimba chanyemelea. Yahitajika magnesiamu salfeti na dawa ya kushusha presha, upesi. Akimrudisha nyumbani na panadoli, mama huanguka kifafa palepale kwenye skrini. Hakuna matanga. Mwanafunzi huanza upya.

Wodini nafasi hiyo haipo. Tena aweza kumaliza mafunzo asikione kifafa hicho, kije kimkute zahanatini usiku, yu peke yake.

Ila visa vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa wake hujibu kwa mpango kama shahidi mahakamani. Mama wa Msambweni au Faza atasema "kichwa chaniwanga" basi, na mengine yote atayajibu mkwewe. Walimu wa vyuo vya uuguzi vya Pwani ndio wanaoweza kumwandika mama huyo, na huyo mkwe pia.