Mtandao Ukisuasua Ofisini, Uchunguzi Uanzie Ndani ya Jengo

Na Mwandishi Wetu, Kagera

Mwananchi anayetoka Murongo, mpakani na Uganda, hadi Rubwera yaliko makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa kufuatilia leseni ya biashara, hutarajia kuhudumiwa na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Leseni hizo sasa hupitia mfumo wa TAUSI, hivyo akiambiwa "mtandao unasumbua", nauli yake imepotea. Ndivyo ilivyo pia kwa anayefika Kayanga, wilayani Karagwe. Lawama huelekezwa kwa mtoa huduma wa intaneti, ilhali kasoro huweza kuwa ndani ya jengo.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mtandao wa ndani na intaneti itokayo nje. Nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika jengo hilo hilo. Zoezi hilo halitumii intaneti; likisuasua, kumpigia simu mtoa huduma hakutasaidia. Likienda haraka, chomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa waya, nyingine zikiwa zimetolewa, upime kasi inayoingia na kuilinganisha na ya mkataba.

Ofisi nyingi huchanganya kompyuta za zamani, zenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na mpya zinazofikia 1,000. Ipo imani kwamba moja ya zamani huzichelewesha zote. Kwa zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi, imani hiyo si sahihi, kwani kila tundu hukubaliana kasi na kifaa kilichochomekwa hapo. Kwa mtandao usiotumia waya ni kweli: vifaa hupokezana masafa yale yale, na kinachotuma polepole huviweka vingine foleni.

Kinachosahaulika zaidi ni waya wenyewe. Ndani yake mna nyuzi 8 za shaba. Megabiti 100 hutumia 4 tu. 1,000 huhitaji zote. Uzi mmoja ukikatika kwa kukanyagwa na mguu wa meza, kompyuta mpya huweza kuendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea, lakini kwa sehemu ya kumi ya kasi yake. Faili la gigabaiti 1, la sekunde zipatazo 10, huchukua takribani dakika moja na nusu. Kasi hiyo husomeka kwenye taarifa za kadi ya mtandao ndani ya kompyuta. Ikionesha 100 ilhali swichi ni ya 1,000, badilisha waya kabla ya kuomba bajeti ya kompyuta nyingine.

Radi za msimu wa mvua nazo huweza kuharibu tundu moja la swichi na kuacha mengine yakiwa mazima. Kuhamishia waya tundu la jirani ni kazi ya nusu dakika.

Vipimo vya ndani vikiwa sahihi, ndipo ofisa TEHAMA amwandikie mtoa huduma, akiambatisha vipimo vya asubuhi, mchana na jioni pamoja na tarehe zake.