Morgan: farasi wa shamba, wa tandiko na wa gari

Mwishoni mwa karne ya 18, wakulima wa Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, hawakuwa na ubavu wa kufuga farasi watatu: mmoja wa kuburuta magogo, mwingine wa kupanda, wa tatu wa kukokota gari la familia. Aliyekuwapo alifanya yote.

Figure, farasi dume aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1789, ndiye aliyewafaa. Mwalimu wa kuimba, Justin Morgan, alimpeleka Vermont, na baadaye ukoo mzima ukaitwa kwa jina la mwalimu huyo. Kimo cha Figure kilikuwa kama sentimita 142 tu mabegani. Masimulizi ya huko, ambayo kama ya wavuvi hayakosi chumvi, yanasema jioni moja gogo liliwashinda farasi wakubwa. Robert Evans, aliyekuwa amemkodi Figure kwa kazi ya kufyeka msitu, akafunga mnyororo, akawaambia wanaume watatu walikalie gogo hilohilo, kisha akampa farasi wake amri. Gogo likasogea. Huyohuyo alipandwa, akashindana mbio, na akazaa watoto waliofanana naye kwa umbo na tabia.

Umbo lina mchango wake: mgongo mfupi unaohimili tandiko, mapaja manene ya kusukuma, kifua kipana cha kuegemea mkanda wa kukokotea. Lakini peke yake halitoshi. Mpandaji humwelekeza farasi kwa miguu na kwa uzito wa mwili wake. Mwendesha gari amekaa nyuma, hamgusi. Ana hatamu, sauti na mjeledi, basi. Farasi wa gari mara nyingi huvishwa vibamba vya ngozi pembeni mwa macho asishtuke kwa magurudumu yanayomfuata. Anayezimudu kazi zote mbili lazima awe mtulivu kwanza, mwenye nguvu baadaye.

Uzao wa Figure ulionekana kote. Kitukuu chake, Ethan Allen, alivuma katikati ya karne ya 19 kwa mbio za telki, zile ambazo farasi hukimbia akiwa amefungwa kigari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, askari wa farasi kutoka Vermont walikwenda mapambanoni wakiwa juu ya migongo ya Morgan.

Kisha magari ya injini yakaja, na soko likaporomoka. Joseph Battell, aliyechapisha daftari la kwanza la nasaba ya farasi wa Morgan mwaka 1894, aliitolea serikali shamba lake la Weybridge ili uzao usipotee. Tangu 1951 shamba hilo liko chini ya Chuo Kikuu cha Vermont.

Siku hizi wapo wafugaji wanaozalisha Morgan kwa ajili ya ulingo wa maonyesho tu, shingo juu na miguu ikirushwa. Wanapendeza, hilo halina ubishi. Ila anayetaka kununua Morgan amwone kwanza akipandwa, kisha amwone akifungwa gari. Akishindwa kimojawapo, bei ishuke.