Unahama tangi la bahari kwenda diskasi? Mzazi, ogopa siku ya kuhama

Kufuga matumbawe sebuleni ukiwa Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, ni kujitwisha mzigo. Bahari iko Dar es Salaam, takribani kilomita 190. Maji yake lazima uyatengeneze nyumbani: lita moja huhitaji gramu 35 hivi za chumvi maalumu, hivyo tangi la lita 300 hula zaidi ya kilo 10 kabla samaki wa kwanza hajaingia.

Si ajabu basi kwamba wapo wanaofuga samaki wa mapambo ambao huchoka na chumvi, wakahamia diskasi. Huyu ni samaki wa bonde la Mto Amazon, bapa na mviringo kama sahani, jamaa wa sato na perege. Anahesabiwa kuwa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lakini anapenda maji ya nyuzijoto 28 hadi 30.

Kwa nyumba yenye watoto, uamuzi huo una faida za kiafya. Tatizo ni kwamba hatari kubwa hujitokeza siku ileile ya kuhama.

Sumu iliyo kwenye jiwe

Matangi mengi ya bahari huwa na zoanthidi, viumbe jamaa wa matumbawe vyenye sura ya maua madogo ya rangi za kupendeza. Baadhi yao hubeba palitoksini, moja ya sumu za asili zilizo kali zaidi. Huingia mwilini kupitia kidonda, macho au hewa, hasa mtu anapokwangua jiwe au kulimwagia maji ya moto.

Dalili zake ni homa, kikohozi, kubanwa kifua, maumivu ya misuli, macho kuwasha na ladha ya chuma mdomoni. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo. Hospitali hutibu dalili.

Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, usafishaji wa tangi la nyumbani uliwafikisha hospitalini watu 10, wakiwemo wanafamilia na watoa huduma za dharura waliofika kuwasaidia.

Kwa hiyo siku ya kuvunja tangi, watoto wasiwepo ndani. Fungua madirisha, vaa glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa. Usichemshe jiwe jikoni, usilikwangue, usiliache likakauka. Likae ndani ya maji yake kwenye ndoo yenye mfuniko hadi lichukuliwe na mfugaji mwingine anayejua anachopokea. Mtu akianza kukohoa au kupata homa, wote watoke nje na waende hospitali, wakitaja matumbawe kwa daktari.

Usimwage mtoni

Samaki au matumbawe yasitupwe kwenye vijito. Maji ya Bigwa huelekea Mto Ngerengere, nao huingia Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Tanzania inalijua vizuri somo la samaki mgeni: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zikapotea.

Tangi jipya linahitaji subira

Huwezi kumwaga maji ya chumvi asubuhi na kuweka diskasi jioni. Mawe na mchanga wa matumbawe vitolewe, kwa sababu hufanya maji kuwa magumu, wakati diskasi anapenda maji laini. Bakteria wa kwenye chujio, wanaobadilisha sumu ya kinyesi cha samaki, nao hujengeka upya. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Pima amonia na nitriti. Zote zikisoma sifuri ndipo ununue samaki.

Maji ya bomba yenye klorini huua samaki, kwa hiyo yatibiwe kwanza. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Uluguru inaposhuka, hita ni lazima. Umeme ukikatika muda mrefu, funika tangi kwa blanketi na uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

Umeme, uzito na mikono

Tangi la lita 300 lina zaidi ya kilo 300. Meza yake iwe imara, na mtoto asiweze kuipanda. Waya wa hita uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme. Zima na chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Mwenye kidonda asiguse maji hayo. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huishi katika maji ya chumvi na yasiyo na chumvi pia, na huweza kuleta uvimbe kwenye vidole wiki kadhaa baadaye. Kidonda kisichopona kikaguliwe hospitalini, na daktari aambiwe kuwa nyumbani kuna samaki. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomaliza kulisha.

Baba na mama wananyonyesha

Ukishayafanya hayo, na jozi ya diskasi ikataga, watoto wataona jambo adimu. Vifaranga hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wote wawili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza mwaka 2010 kwamba ute huo huongezeka protini na kingamwili wazazi wanapolea. Vifaranga hula kwa baba, kisha baba hujitikisa na kuwaachia mama, zamu kwa zamu. Kufikia wiki ya tatu wazazi huanza kuwakwepa: wanawaachisha ziwa.

Mtoto akiuliza kwa nini baba samaki naye ananyonyesha, mzazi atakuwa na la kusimulia jioni hiyo.