AC ya gari: gesi imeisha, au imevuja?

Mchana wa Februari, ukitoka Msamvu kuelekea Kihonda, AC ya gari si anasa tena. Tatizo ni pale unapojaziwa gesi leo, miezi miwili mbele hewa ya moto inarudi, na fundi anakwambia, "Gesi imeisha."

Hapa tuelewane: gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa. Kompresa inaigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza iwe kimiminika, kisha evaporeta nyuma ya dashibodi inaigeuza gesi tena huku ikifyonza joto la ndani ya gari. Ikipungua haraka hivyo, kuna mahali inatoka.

Anza na kidimbwi chini ya gari. Ni maji safi, hayana rangi wala harufu? Usihofu, huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta ya baridi. Yana rangi ya kijani au waridi na yanateleza? Hiyo ni kulanti ya rejeta, kesi nyingine kabisa.

Gesi yenyewe hutaiona. R-134a, iliyomo kwenye magari mengi, huchemka kwenye nyuzi -26, hivyo ikitoka inapotelea hewani. Inayoacha alama ni oili ya kompresa, maana husafiri nayo. Basi tafuta doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye maungio ya mipira, kwenye kompresa, na kwenye kondensa inayopigwa na mawe ya barabarani. Zima injini, paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, umepata tundu.

Tundu dogo sana? Fundi huweka rangi maalumu na kumulika kwa taa ya urujuanimno, au hujaza naitrojeni aone kama geji inashuka. Asijaze oksijeni kamwe! Ikikutana na oili kwenye presha inaweza kulipuka.

Kwa nini usijaze tu ukaendelea? Oili ikipungua, kompresa husagika, na bei yake unaijua. Halafu nusu kilo ya R-134a ikitoka hupasha dunia joto kama kuchoma zaidi ya lita 300 za petroli. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za aina hii.

Kwa hiyo kabla hujauliza "Kujaza bei gani?", uliza kwanza, "Fundi, inavujia wapi?"