Cymande: Bendi iliyovuma baada ya kuvunjika

Mwaka 1996 kundi la Fugees kutoka Marekani lilipotoa albamu yao The Score, sisi vijana wa Mombasa tuliicheza mpaka kaseti ikakatika. Ndani yake mna wimbo uitwao pia The Score, wenye kipande cha muziki kinachojirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka mingi nilidhani kipande hicho ni chao. Sicho. Kimechukuliwa katika Dove, wimbo wa bendi ya Uingereza, Cymande, uliorekodiwa 1972.

Cymande ilianzishwa London mwaka 1971 na Steve Scipio, mpiga gita la besi, na Patrick Patterson, mpiga gita. Wote wawili walizaliwa Guyana wakahamia Uingereza wangali wadogo. Wenzao nao walikuwa na asili ya visiwa vya Karibiani. Walichanganya fanki, jazi, kalipso na ngoma za Rasta, wakauita muziki wao "nyah-rock". Hilo "nyah" linatokana na Nyabinghi, ngoma za ibada za Rasta. Jina lenyewe asili yake iko jirani na kwetu: Nyabingi ilikuwa imani ya kale iliyokuwa na wafuasi Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Prodyuza John Schroeder aliwasikia wakifanya mazoezi, akawapeleka studio. Mwaka 1973 wimbo wao The Message ulifika nafasi ya 48 katika chati kuu ya Marekani. Walizunguka huko pamoja na Al Green, wakapiga hata katika ukumbi wa Apollo, Harlem.

Waliporudi nyumbani, milango ilikuwa imefungwa. Redio na magazeti ya Uingereza hayakuwa na nafasi kwa bendi ya vijana weusi wanaopiga muziki wao wenyewe. Baada ya albamu tatu, ya mwisho ikiwa Promised Heights ya 1974, wakachoka, wakaweka vyombo chini. Scipio na Patterson wakasomea sheria, wakawa mawakili.

Lakini santuri zao hazikulala. Katikati ya wimbo Bra vyombo vingi hunyamaza, besi na ngoma zikabaki zikizungumza. Madijei wa New York walikuwa wakiweka santuri mbili za wimbo mmoja: kipande kikiisha huku, wanakianzisha kule, watu wacheze bila kukatizwa. Hapo ndipo hip-hop ilipozaliwa, na Bra ilikuwa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa. De La Soul waliitumia katika albamu yao ya 1989. Bendi haikuwapo tena, muziki wake ukawa unafanya kazi kwa jina la wengine.

Naandika haya kwa sababu ya ami yangu. Alipiga gita katika bendi ya hapa kwetu, akatunga nyimbo ambazo hadi leo zapigwa harusini. Hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba ni zake.

Wimbo una haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Anayetaka kukata kipande cha rekodi akitie katika wimbo wake anahitaji idhini ya pande zote mbili. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, hata wajukuu wanaweza kula jasho la babu yao, mradi jina lake limeandikwa.

Cymande walirudi jukwaani wakiwa wazee, wakatoa albamu mpya 2015 na nyingine 2025. Walibahatika kuona sifa zao kwa macho yao. Ndugu mwanamuziki, wewe usingojee bahati. Andikisha nyimbo zako, tena leo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.